Wembe wa Kukunja: Kuupima Kabla ya Kuunoa

Wembe wa kukunja, yaani ule ambao bapa lake la feleji huzungukia kwenye ribiti na kulala ndani ya mpini wa mapande mawili, ni miongoni mwa vyombo vichache vya nyumbani vinavyoweza kukaa sandukuni kwa miaka sabini au themanini na bado vikarudi kazini, ilimradi anayevirudisha asiviharibu siku ya kwanza. Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Kutu ya miongo kadhaa huila feleji polepole na mara nyingi juujuu, ilhali jiwe la cherehe linalozungushwa kwa baiskeli huweza kuumaliza wembe huohuo kwa dakika tano, na mwenye mali akaondoka akishukuru kwa sababu unang'aa. Kwa hiyo kazi ya kufufua wembe wa zamani huanza na tathmini, yaani kuupima ili ijulikane ni kiasi gani cha feleji kimebaki, kiko katika hali gani, na ni kiasi gani kinaweza kuondolewa bila wembe kupoteza umbo lake. Kwani kila hatua inayofuata, iwe ya kusugua, kung'arisha au kunoa, huondoa chuma ambacho hakuna fundi awezaye kukirudisha.

Wilaya ya Ikungi, iliyomegwa kutoka Singida Vijijini na ambayo makao yake makuu yako kando ya barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini, ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili, kwa sababu mahitaji yake mengi yanapatikana hapohapo na hatari zake pia zipo hapohapo. Ni nchi ya wafugaji na wakulima wa mtama, uwele na alizeti. Ngozi, pembe za ng'ombe na nta ya nyuki hazihitaji kuagizwa mbali, hewa ni kavu kwa karibu nusu ya mwaka, na mnoaji mwenye cherehe yake hakosekani penye mnada. Nyembe za Ulaya nazo zilikuwa na njia nyingi za kufika katika nchi ya Wanyaturu, wenyeji wa Singida. Misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Unyanyembe, eneo la Tabora, ilipita kusini yake, kupitia Ugogo na pori la Mgunda Mkali. Utawala wa Wajerumani ukafuata, na reli ya kati, inayopita Manyoni, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kisha kulikuwa na wamisionari, wenye maduka wa asili ya Kihindi, vijana waliorudi kutoka mashamba ya mkonge, na askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliorejea kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Wembe wenyewe haubebi cheti cha safari yake, na simulizi za kifamilia hutiwa chumvi, kwa hiyo ni salama zaidi kuuamini mhuri uliogongwa kwenye feleji kuliko hadithi ya babu aliyepewa na Mjerumani.

Ifahamike pia kwamba kunyoa kwa chuma hakukusubiri meli za Ulaya. Wahunzi wa bara walifua nyembe ndogo za chuma zisizo na mpini wa kukunja, na utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery katika nchi ya Wahaya, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kuwa wayeyushaji chuma wa magharibi ya Ziwa Victoria walikuwa wakipata chuma chenye kaboni tangu miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Kilichozitofautisha nyembe za viwandani ni usawa wa feleji yake. Feleji ni chuma kilichounganishwa na kaboni, ambayo katika nyembe hizi hufikia takriban asilimia moja, na ni Benjamin Huntsman wa Sheffield, Uingereza, aliyepata katika miaka ya 1740 njia ya kuiyeyusha ndani ya vyungu vya udongo mpaka kaboni ikaenea sawasawa, bila tabaka gumu na tabaka laini kupishana. Neno la Kiingereza linalomaanisha feleji ya kuyeyushwa likawa fahari iliyogongwa kwenye nyembe za mji huo kwa zaidi ya karne moja.

Kabla ya kupima ni lazima sehemu zijulikane. Mgongo ni ukingo mnene ulio upande wa pili wa makali. Kisigino ni mwisho wa makali ulio karibu na mpini, na ncha ni mwisho wake wa mbele. Shina ni sehemu nene isiyokata, inayopita kwenye ribiti, ambapo kwa kawaida mhuri wa kiwanda hugongwa. Mkia ni kile kipande kilichopinda kinachoshikwa kwa kidole wakati wa kunyoa. Bapa lenyewe huja kwa namna mbili kuu. Wembe wa kabari una pande zilizonyooka kutoka mgongoni hadi kwenye makali na hivyo ni mzito, wakati wembe uliokombwa una pande zilizochimbwa kwa jiwe la mviringo hadi sehemu iliyo karibu na makali ikawa nyembamba kiasi cha kunesa ikibonyezwa kwa ukucha. Ukombaji wa kina ulienea kuanzia miaka ya 1880, hasa kwa kazi ya wanoaji wa Ujerumani, na ndio uliompa jina kubwa mji wa Solingen.

Mhuri husaidia kukadiria umri, ingawa haupaswi kusomwa kwa pupa. Taji na herufi V.R. huelekeza kwenye enzi ya Malkia Victoria, yaani 1837 hadi 1901. Sheria ya alama za bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1887, na ile ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, ziliwalazimisha watengenezaji kuonyesha nchi bidhaa ilikotoka, hivyo wembe unaotaja nchi ya Ujerumani au Uingereza kwa kawaida ni wa baada ya miaka hiyo, na ule unaotaja Ujerumani Magharibi hauwezi kuwa wa kabla ya 1949. Jina la Solingen lililindwa kwa sheria mwaka 1938, lakini lilikuwa likigongwa kwenye nyembe muda mrefu kabla ya hapo. Alama za nyumba kama J. A. Henckels, ambayo alama yake ya pacha wawili iliandikishwa Solingen mwaka 1731, au Joseph Rodgers na George Wostenholm za Sheffield, zinastahili heshima. Hata hivyo nyembe za kazi zilitengenezwa kwa wingi mno, na jina kubwa kwenye shina haliuponyi wembe wenye ufa.

Ufa ndio swali la kwanza, na jibu lake likiwa baya maswali mengine yote hayana haja. Feleji ngumu haipindi, huvunjika, na ufa mdogo kama unywele unaoanzia kwenye makali ya wembe uliokombwa utaendelea kupanda kila unaponolewa, mpaka kipande kitoke, pengine shavuni mwa mtu. Kwa kuanzia, bapa huguswa kwa ukucha na kusikilizwa, kama mnunuzi anavyokigonga chungu sokoni: wembe mzima uliokombwa hulia mlio mwembamba unaodumu, na wenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Wembe wa kabari, kwa unene wake, haulii vizuri hata ukiwa mzima, kwa hiyo kipimo hicho hakiufai. Kipimo chenye uhakika zaidi, ambacho mafundi wa kuchomelea hukitumia kutafuta nyufa za matangi, kinahitaji mafuta ya taa na chaki tu. Bapa husafishwa vizuri, hupakwa mafuta ya taa mahali panaposhukiwa, huachwa dakika kadhaa, kisha hufutwa hadi likauke kabisa na kunyunyiziwa unga laini wa chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda polepole na kuchora mstari mweusi juu ya unga. Mahali pa kuanzia ni karibu na kisigino, kwenye mapengo, na penye mashimo ya kutu yaliyo karibu na makali, kwani huko ndiko nyufa hupenda kuanzia.

Swali la pili ni la mashimo ya kutu, na hapa wengi huhukumu kinyume. Wembe wenye madoa meusi mgongoni na mashimo makubwa katikati ya bapa huonekana umekwisha, kumbe madoa hayo hayagusi kazi yake. Na wembe unaong'aa, ambao mashimo yake matatu au manne madogo kama ncha ya sindano yako milimita moja juu ya makali, huonekana mzima, ilhali kila unaponolewa makali yanapanda kuelekea kwenye mashimo hayo na siku yakifikiwa hugeuka kuwa mapengo. Kwa sababu hiyo mpimaji mwangalifu hutumia lensi ya sonara inayokuza mara 10, akiwa juani, na hukagua kwanza ukanda wa milimita tatu ulio juu ya makali, pande zote mbili, kabla hajatazama kitu kingine. Sehemu iliyofichwa na mpini nayo isisahauliwe, kwa kuwa unyevu hukaa huko muda mrefu zaidi.

Yanafuata mapengo na umbo la makali. Pengo la chini ya nusu milimita huondoka kwa kunoa kwa subira, la milimita moja lina kazi kubwa, na la milimita mbili au zaidi hulazimisha swali la hesabu. Wembe wa kukunja hunolewa ukiwa umelazwa kabisa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, na hivyo unene wa mgongo na upana wa bapa ndivyo vinavyoamua pembe ya makali. Wembe wenye mgongo wa milimita 4.5 na upana wa milimita 16, ambao ni takriban sehemu tano kwa nane za inchi, kipimo cha kawaida kabisa, hutoa pembe ya takriban digrii 16. Ukipunguzwa milimita mbili za upana kwa kufukuza pengo, pembe hupanda hadi digrii 18 na nusu, na wembe ule uliokuwa ukipita laini huanza kuvuta ndevu. Mgongo nao huwa na ukanda bapa unaong'aa uliosuguliwa na jiwe. Ukiwa mwembamba na sawasawa ni dalili ya matumizi ya kawaida, lakini ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, au mpana kuliko ukanda wa makali yenyewe, basi mtu aliunoa kwa jiwe lenye chenga kubwa kwa nguvu nyingi, na jiometri yake imeharibika kwa kiasi ambacho hakuna mng'aro utakaoificha. Makali yaliyobonyea katikati ni kasoro ya kurekebishwa. Makali yaliyotokeza kidogo katikati mara nyingi ni umbo la kiwandani, hasa kwa nyembe za Sheffield, na anayeyanyoosha anapoteza chuma bure.

Kasoro ya mwisho katika tathmini ndiyo inayowahusu zaidi wenyeji wa Ikungi na wilaya zote zenye mafundi wa cherehe. Wembe kiwandani hupashwa moto hadi uwe mwekundu, huchovywa ili uwe mgumu, kisha hupashwa tena kwa moto mdogo, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 150 na 200, ili upungukiwe na wepesi wa kuvunjika. Feleji hiyo ikija kupata joto kubwa kuliko hilo, ugumu hupungua moja kwa moja, na rangi husimulia kilichotokea: manjano ya majani makavu huja kwenye takriban nyuzijoto 220, kahawia karibu na 255, zambarau karibu na 275, na buluu inapokaribia 300. Jiwe kavu la cherehe huipandisha ncha nyembamba ya wembe hadi kwenye buluu kwa muda wa kufumba na kufumbua, na kwa jembe, panga au kisu cha jikoni madhara hayo ni madogo kwa sababu vyombo hivyo ni vinene na kazi yake haihitaji makali ya chini ya mikroni moja, lakini kwa wembe ni hukumu. Makali yaliyolainika hujikunja yanapokutana na ndevu, hunolewa leo na kufa kesho, na dawa pekee ni kuisaga sehemu yote iliyoungua au kulipasha upya bapa zima, jambo ambalo kwa wembe uliokombwa karibu kila mara huishia kwenye kupinda au kupasuka. Mnunuzi ajue pia kuwa rangi ya buluu hufutika kwa msasa wakati ulaini unabaki, na kwamba wembe wa zamani uliong'arishwa kupita kiasi unastahili kushukiwa kuliko wenye kutu. Hakuna haja ya kuwalaumu mafundi wa cherehe kwa hili. Kosa ni la anayewapelekea kazi isiyo yao.

Wembe uliopita vipimo hivyo unaweza kusafishwa, na kanuni ni kuanza na kilicho laini kabisa na kusimama mapema. Kutu nyekundu, ambayo ndiyo hai na inayoendelea kula, lazima iondoke. Utando wa kijivu au mweusi uliotulia unaweza kubaki, kwani huilinda feleji kwa kiasi fulani na pia ni sehemu ya umri wa chombo. Kuliloweka bapa kwa siku moja katika mafuta ya taa hulegeza kutu, ambayo kisha hukwanguliwa kwa kipande cha shaba au cha mti mgumu, vitu ambavyo ni laini kuliko feleji, na baada ya hapo sufi ya chuma iliyo laini kabisa na dawa ya kung'arishia metali kama Brasso humaliza sehemu kubwa ya kazi. Ukwaju, limau, siki na soda, ambavyo watu wengi huvikimbilia kwa sababu vinang'arisha sinia za shaba, vina asidi isiyochagua kati ya kutu na feleji nzima. Vikiachwa usiku kucha huacha uso uliokwajuka na makali yaliyoliwa. Msasa wa maji wa namba 800, kisha 1000 na 2000, utumike pale tu mashimo yanapohifadhi kutu ndani yake, bapa likiwa limelazwa juu ya kipande cha mbao, makali yakiwa yamefunikwa kwa utepe, na mkono ukienda kutoka makali kuelekea mgongoni. Mhuri na nakshi za dhahabu zisiguswe kabisa, kwani dhahabu hiyo ni utando mwembamba unaotoka kwa kusuguliwa mara chache. Mashine ya umeme ya kung'arishia nayo ina makosa mawili kwa pamoja: huleta joto, na hulidaka bapa na kulirusha. Msemo wa mtaani kwamba wembe ni ule ule haumfai fundi, maana wembe uliosuguliwa mara kumi umeshapungua mara kumi.

Mpini unahitaji uchunguzi wa namna nyingine, kwa sababu kilichomo ndani yake kinaweza kuwa hatari kwa bapa au kwa mwenye mali. Pembe ya ng'ombe au ya nyati, nyeusi au yenye mawimbi ya kahawia, ndiyo ya kawaida zaidi katika nyembe za kazi, na hapa ukavu wa Singida unageuka kuwa adui: hewa ileile inayoihifadhi feleji hukausha pembe mpaka ikachanika tabaka kwa tabaka. Kupakwa nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta kidogo, mara chache kwa mwaka, kunatosha kuizuia, na Singida, mkoa wa wafuga nyuki, haukosi nta. Mpini mweupe au wa manjano wenye mistari iliyonyooka na kufanana kupita kiasi huenda ni nitrati ya selulosi iliyochanganywa na kafuri, plastiki ya kwanza iliyoenea kuanzia miaka ya 1870 na kutumiwa kuiga pembe za ndovu. Hutambulika kwa kusuguliwa kwa dole gumba hadi ipate joto, ndipo itoe harufu ya kafuri ileile inayojulikana katika kuandaa maiti. Kuichoma kwa sindano ya moto, kama baadhi ya watu wanavyofanya kutambua plastiki, ni kosa kubwa kwa kuwa hulipuka moto mara moja. Aina hii ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi unaoshika bapa lililolala ndani yake na kulitoboa kwa kutu, tena bila bapa kulowana. Mpini ulioanza kupasuka kwa vijistari na kunata uondolewe, uwekwe mbali na nyembe nyingine, na utengenezwe mpya.

Kuhusu pembe za ndovu zenyewe, historia ina kejeli yake. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe zilizotoka bara, zikiwamo zilizopita Ugogo na Unyanyembe mabegani mwa wapagazi, na wafua visu wa Sheffield, Joseph Rodgers akiwa mbele yao, walikuwa miongoni mwa watumiaji wake wakubwa; hivyo si ajabu mpini wa wembe wa Kiingereza ukawa na asili ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumiliki nyara za serikali bila kibali, na mwenye kushuku kuwa mpini wake ni wa pembe ya ndovu anapaswa kuuliza ofisi ya wanyamapori ya wilaya kabla ya kuuza, kununua au kusafiri nao.

Mpini mpya hutengenezwa kwa pembe ya ng'ombe iliyochemshwa hadi ikalainika, ikabanwa kati ya mbao mbili hadi ikawa bapa na kukauka, kisha ikakatwa mapande mawili na kupigwa tupa. Ribiti hukatwa kutoka kwenye fimbo nyembamba za shaba zinazouzwa kwa mafundi wa kuchomelea, zile za milimita 1.6, na kugongwa kichwa kwa nyundo ndogo, pole pole, kwani pigo moja la nguvu hupasua pembe iliyochukua siku nzima. Bapa linapaswa kufungwa likielekea katikati ya mpini, lisiguse upande wowote.

Kunoa ndiko kunakohitaji jiwe sahihi, na jiwe hilo halipatikani kwenye majabali ya Singida, pamoja na wingi wake wote. Granite ni mchanganyiko wa chembe kubwa za kwatsi, feldspa na mika, zenye ugumu usiolingana, na wembe unaopitishwa juu yake hutoka na makali yenye meno. Mawe ya seremala yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi nayo ni ya chenga kubwa, yanafaa kwa kufukuza pengo tu. Mawe laini ya kumalizia, kama yale ya njano yanayochimbwa Ubelgiji ambayo vinyozi wa Ulaya waliyasifu kwa karne nyingi, ni ghali na huagizwa mbali. Njia ya kati ipo: kipande cha kioo kinene na bapa, juu yake msasa wa maji wa namba 1000, 1500 na 2000 unaopatikana penye rangi za magari, ukigandishwa kwa maji. Chembe za namba 2000 zina ukubwa wa takriban mikroni 10, kwa hiyo hazitoshi kumaliza, lakini zinaandaa vizuri. Kabla ya kuanza, ukanda wa makali hupakwa wino wa maka, na baada ya mapitio machache hukaguliwa: penye wino uliobaki hapajagusa msasa. Kwenye msasa wembe huvutwa mgongo ukitangulia ili makali yasichane karatasi, ilhali kwenye jiwe makali ndiyo hutangulia. Katika hali zote mbili uzito wa wembe wenyewe unatosha, na mkono hauongezi nguvu yoyote.

Umaliziaji hufanywa kwenye ukanda wa ngozi ya ng'ombe, usio na mikunjo, uliopakwa dawa laini ya kung'arishia, kisha kwenye ukanda mwingine usiopakwa kitu, wenye upande wa turubai na upande wa ngozi. Kwenye ukanda huu wa pili wembe hupitishwa kwanza kwenye turubai mara 20 au 30, halafu kwenye ngozi mara 50 hivi, mgongo ukitangulia daima na kugeuzwa juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali. Wembe uliokamilika hukata unywele unaoning'inia bila kuuvuta.

Kwa utunzaji, maji ya visima yenye chumvichumvi yasikaushiwe juu ya bapa. Lisuuzwe, lifutwe, likae wazi kidogo kabla ya kufungwa. Mafuta ya kuupaka wembe unaowekwa muda mrefu yawe ya cherehani. Mafuta ya alizeti, ingawa Ikungi inayo tele, huungana na hewa na kugeuka gundi ya manjano inayonasa vumbi na unyevu, na wembe uliopakwa mafuta hayo baada ya msimu mmoja huhitaji kusafishwa upya.

Linabaki suala la nani anyolewe nao, na hapa hakuna nafasi ya hisia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kampeni za miaka iliyofuata ziliwafanya vinyozi waache wembe wa kushirikiana na kuhamia kwenye nyembe za kutupa na mashine za umeme. Virusi vya homa ya ini aina ya B ni vigumu zaidi, kwani vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi katika damu iliyokauka isiyoonekana kwa macho. Wembe wa kukunja una mianya kwenye ribiti ambayo spiriti haiifikii kwa uhakika, jiki huitafuna feleji yake ndani ya dakika chache, na mvuke wa vyombo vya hospitali huharibu mpini wa pembe. Wembe uliofufuliwa, hata ukiwa mkali kiasi gani, ni wa mtu mmoja nyumbani kwake, na mwenye saluni anayetaka kuutumia kwa wateja wa Ikungi au wa kwingineko asiruhusiwe.